Radhi ya Asiyekosa

Mkazi mmoja wa Makandana, mjini Tukuyu, hulipia intaneti ya nyumbani kila mwezi. Ikikatika hupiga simu. Hujibiwa na mashine, kisha na muziki, kisha na kijana mwenye adabu tele, ambaye humtaka radhi na kumpa namba ya lalamiko. Kesho yake hupokewa na kijana mwingine, naye huanza upya kumwuliza jina.

Je, radhi hiyo ni radhi? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika chini ya bahari, intaneti ikazorota nchini. Aghalabu watu walistahimili, kwa kuwa waliambiwa kilichoharibika ni nini. Mtu wa Makandana hanyimwi huduma tu. Hunyimwa na sababu.

Na kijana yule? Hakukata waya, wala hana fundi wa kumwamuru. Amewekwa mlangoni apokee hasira za kosa la watu wasiosikika. Mteja akimkaripia humdhulumu. Akinyamaza hujidhulumu nafsi yake. Yamkini atapeleka shauri lake TCRA, nayo ni njia ya haki, ingawa ni ndefu kwa mzazi ambaye mwanawe ana mtihani Jumatatu.

Simu ikiisha huja ujumbe: ampime kijana kwa alama, moja hadi tano. Mkazi yule humpa tano, kwa adabu yake. Wa kupewa moja hakutajwa katika ujumbe.