Tubu kwa Mungu, Umwambie na Daktari

Kwetu sisi Waadventista wa Sabato, sigara ni dhambi. Hapa Tarime tunalifundisha hilo kabla mtu hajabatizwa: mwili ni hekalu, tena ni amana, si mali yako. Naliamini kwa moyo wote. Mimi ni mzee wa kanisa, na kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi. Swali linalonisumbua ni hili: anayetubu sigara anadaiwa ukweli na nani?

Chukua kijana mwenye pumu anayetumia vidonge vya aminofilini. Moshi wa sigara unalichochea ini liivunje dawa hiyo upesi kupita kawaida. Si nikotini inayofanya hivyo, ni kemikali nyingine zilizomo kwenye moshi. Basi kifua hakifunguki, anaongezewa dozi mpaka anapata nafuu. Kisha yanafika makambi. Mhubiri anaita, kijana anasimama, anaitupa pakiti mbele ya watu, na sisi tunaimba. Siku chache baadaye ini limeshapunguza kasi, na dozi ileile sasa inarundikana mwilini. Moyo unamwenda mbio, anatapika, mikono inatetemeka. Ikizidi, anapata degedege. Nyumbani watasema shetani anampigania, kumbe ni dawa imezidi.

Klozapini na olanzapini, dawa za wagonjwa wa akili, nazo huenda hivyohivyo. Wa kisukari naye, nikotini hubana mishipa na insulini ikachelewa kuingia kwenye damu. Na mama aliyevuka miaka 35 anayevuta huku akimeza vidonge vya majira anajiongezea hatari ya kiharusi na ya mshtuko wa moyo.

Yote haya yanatibika mtu akisema. Lakini nilikuwa nikiuliza, "Mura, unavuta?" na mama yake amekaa pembeni, najibiwa, "Hapana, daktari," huku kidole cha shahada na cha kati vimegeuka manjano. Nilijifunza kuwatoa ndugu nje kwanza, nifunge mlango, niulize tena kwa sauti ya chini. Hapo ndipo wengi walisema.

Wako wapendwa wanaoshikilia kwamba toba ni ya Mungu peke yake. Mimi sikubaliani nao. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na amri ya tisa inakataza uongo hata kwenye chumba cha daktari. Tena aibu tuliyoijenga sisi wenyewe kanisani ndiyo inayowafunga watu midomo.

Asije mtu akasema basi bora aendelee kuvuta ili dawa imkae sawa. Aache, na aache leo. Ila asipunguze dozi kwa kichwa chake. Aende akaseme ameacha, apimwe, apangiwe upya.

Wazee wenzangu wa Tarime na Serengeti, kwenye makambi yajayo tumweke muuguzi karibu na mimbari. Kila anayeitupa sigara aulizwe kwa faragha anatumia dawa gani, na kabla ya Jumatatu kuisha awe amefika zahanati.