Kumpisha Asiyestahili

Neno "kutanua" maana yake ya asili inaeleweka na kila msemaji wa Kiswahili: ni kukifanya kitu chembamba kiwe kipana. Vijana wakaliongezea maana ya kula raha bila kujali gharama. Madereva wa Dar es Salaam nao wakalipa maana ya tatu. Kwao, kutanua ni kuiacha foleni inayongoja, kushuka kwenye bega la barabara upande wa kushoto, kuyapita magari hamsini au mia moja yaliyotulia, kisha kuingiza pua ya gari mbele kwa nguvu, kana kwamba hao wote waliopitwa hawakuwapo. Nikizitazama maana hizi naona zina undugu. Anayetanua barabarani hujipatia nafasi na raha yake, na gharama akawaachia wengine.

Kila atokaye Mbezi au Kimara kwenda mjini asubuhi ameyaona haya. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwaka 2016. Daraja la juu pale TAZARA likafunguliwa mwaka 2018, na lile la Ubungo mwaka 2021. Vyote hivyo vimesaidia, na mwenye macho hawezi kukana. Lakini daraja halimfundishi mtu kungoja. Nami siandiki ili kuilalamikia foleni, maana malalamiko yake ni mengi kuliko magari yenyewe. Ninachotaka kukijadili ni swali la maadili ambalo kila mwenye kushika usukani hulijibu asubuhi na jioni, apende asipende, tena kwa sekunde chache tu: yule aliyetanua anapofika mbele na kutaka kuingia, je, nimpishe?

Kwanza tulijue kosa lenyewe. Wako wasemao kwamba kosa lake ni haraka. La hasha! Haraka tunayo sote. Aliye nyuma yangu huenda anawahi kazini, na aliye mbele yangu huenda anampeleka mtoto kliniki. Kosa lake ni kuamua kwamba haraka yake ina uzito kuliko ya kila mmoja wetu, bila kumwuliza hata mmoja.

Sisi tuliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulisoma somo la foleni katika darasa gumu. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, sukari, sabuni na unga vilikuwa adimu. Watu waliamka alfajiri kwenda kupanga mstari dukani, na aliyekuwa na shughuli nyingine aliacha jiwe, kikapu au ndoo kushika nafasi yake. Jiwe lile halikuwa na mdomo wala mikono, lakini liliheshimiwa. Likifikiwa, watu waliuliza, "Jiwe hili la nani?" na mwenyewe akaitwa. Nalo liliheshimiwa kwa kuwa waliosimama pale walikuwa majirani. Aliyelisukuma pembeni alijua kwamba jioni angekutana na mwenye jiwe kisimani au msikitini. Hata hivyo, wakati ule ule palikuwa na watu waliopata sukari yao kupitia mlango wa nyuma, nao hawakuonekana kabisa kwenye mstari. Bega la barabara ndio mlango wa nyuma wa siku hizi. Mtu aliyefunga vioo vya gari lake haoni majirani. Anaona mabati na taa nyekundu tu. Mtu yule yule, ukikutana naye kwenye mazishi, atakupisha mlangoni na kukuita mzee.

Mwanafalsafa Mjerumani, Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alitupa kipimo ambacho miaka mingi niliwafundishia walimu wanafunzi, kwa kuwa hata mtoto wa darasa la tano hukielewa: kabla hujatenda, jiulize kama ungependa kila mtu aifuate kanuni unayoifuata wewe. Tukipime kutanua kwa kipimo hicho. Kama sote tungetanua, bega la barabara lingekuwa foleni nyingine, na faida yake ingekwisha siku hiyo hiyo. Kumbe mwenye kutanua hataki foleni ivunjike! Anataka sisi tubaki ndani yake kwa utii, ili yeye apate pa kupita. Utii wetu ndio mtaji wake. Hapo ndipo uchungu wa aliyepitwa unapoanza, kwa maana anajiona kama mjinga aliyelipa nauli ya mwingine.

Haki inatutaka pia tumsikilize mshtakiwa. Dereva wa daladala aghalabu hana mshahara wa kueleweka. Ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho anachogawana na konda wake. Saa moja ya foleni kwake ni safari iliyopotea. Nyuma yake wameketi abiria ambao dakika kumi zilizopita walikuwa wakiwalaani wanaotanua, na sasa wanapaza sauti, "Tanua, dereva, tunachelewa!" Mimi simwoni dereva huyo kuwa sawa na mtu mwenye gari lake zuri, aliyelala alipotaka na kuondoka nyumbani alipotaka. Lakini kuieleza sababu ya kosa si kulihalalisha. Njaa humweleza mwizi wa muhogo. Haimrudishii mkulima muhogo wake.

Sasa turudi kwenye swali letu. Majibu yaliyozoeleka ni matatu. La kwanza ni kumfuata: kama wote wanatanua, kwa nini mimi niwe mjinga peke yangu? Jibu hili halihitaji maneno mengi, maana huyo ameacha kulijibu swali na kuhamia upande wa mshtakiwa. La pili ni kumkomesha: kuliganda gari la mbele, kuziba kila upenyo, kupiga honi na kutupiana matusi ili apate adabu. La tatu ni lile la wahenga, kwamba mwenye nguvu mpishe. Methali hii ni ya busara, lakini tusiipe kazi isiyo yake. Inatufundisha namna ya kubaki hai. Haisemi kwamba mwenye nguvu ana haki. Tena kuna jambo ambalo wapole husahau. Nikimpisha aliyetanua, sitoi dakika zangu peke yangu. Natoa pia dakika za wote walio nyuma yangu, ambao hawakunituma. Ukarimu wa kugawa mali ya jirani ni ukarimu wa mashaka.

Kwa muda mrefu hoja hiyo ilinielekeza kwenye jibu la pili, lakini bila matusi: kushika nafasi yangu kwa utulivu na kumwacha huko alikojipeleka. Kilichonipa jibu jingine ni kutazama vizuri huko alikojipeleka ni wapi. Bega la barabara si uwanja mtupu. Ndipo wanapopita waendao kwa miguu pale pasipo na njia yao. Hapo hupita mama mwenye mtoto mgongoni, muuza matunda na beseni lake, na wanafunzi wa shule ya msingi wakiwa wameshikana mikono. Hapo pia ndipo gari la wagonjwa linapotegemea kupata upenyo. Nimepata kuliona moja likilia king'ora nyuma yetu, nasi tuliokuwa kwenye mstari hatuna pa kulipisha, kwa kuwa nafasi ya kushoto ilikwisha jazwa na magari yaliyotanua, na yale yaliyo mbele hayakuwa yamepata mtu wa kuyaingiza. Lilikaa hapo likilia, na sote tukilisikia.

Basi nikimzuia, sitamrudisha alikotoka. Nitamwongezea tu muda wa kukaa miongoni mwa watoto, na kwa hasira zaidi kuliko alivyokuwa. Adhabu niliyodhani nampa yeye itawaangukia watu wasio hata na gari. Walio nyuma yangu wanapoteza sekunde tano. Walio pembeni wanaweza kupoteza maisha. Kwa hiyo jibu langu ni hili: nampisha, lakini si kwa ajili yake. Nampisha ili bega la barabara liachwe wazi kwa wenyewe. Sihitaji kumchukia wala kumchekea, na sijidanganyi kwamba ametenda sawa. Kazi ya kumwadhibu ni ya trafiki na mahakama. Tunao wajibu wa kudai kwamba waifanye, na waifanye kwa wote, wenye magari makubwa na wenye madogo.

Atasema msomaji kwamba kwa njia hiyo mkosaji amepata faida yake. Ni kweli, amepata, na sina dawa ya kuliondoa jambo hilo lote. Mvumilivu hula mbivu, lakini barabarani mara nyingi mbivu huwa zimekwisha liwa anapofika. Anayengoja tu kwa matumaini ya kulipwa atachoka mapema. Mimi nangoja kwa sababu nafasi ile ya pembeni si yangu, hata ikiwa tupu, hata ikiwa hakuna askari.

Nguvu nyingine tunayo sisi abiria, na hatuitumii. Dereva wa daladala hutanua kwa kuwa anaamini gari zima liko pamoja naye. Ikitoka sauti moja tu kwenye viti vya nyuma, bila ukali, "Dereva, tubaki kwenye mstari, hapa wanapita watoto," mara nyingi husikika nyingine ikiunga mkono, maana wako waliokuwa wakiwaza hivyo hivyo wakaogopa kuchekwa. Siku nyingine dereva hasikii, na konda hujibu kwamba mwenye gari lake apande lake. Na iwe hivyo. Bado lisemwe, kwa kuwa ndani ya gari lile wamo vijana wanaosikiliza, na kesho wengine wao watashika usukani.