Amri Moja, Mipaka Elfu

Je, ni halali mtu mmoja kugusa mipaka ya watu elfu kwa amri moja? Babu zetu hawakulazimika kujiuliza swali hili, maana hapakuwa na mkono uliofika mbali kiasi hicho. Leo upo. Mchoraji wa ramani huandika maagizo machache kwenye kompyuta, na mashine ikafungua michoro mia tano mmoja baada ya mwingine, ikabadilisha katika kila mmoja anwani ya ramani unayoitegemea, ikauhifadhi, ikaufunga. Kabla ya chakula cha mchana kazi imekwisha. Wengi huiona kuwa kazi ya ufundi tu, isiyo na jema wala baya ndani yake. Mimi nashikilia kwamba ni tendo la kimaadili, na uhalali wake unategemea jambo moja: kama amri ile imebadilisha njia ya kuufikia ushahidi, au imebadilisha ushahidi wenyewe.

Kwanza tuelewe jinsi mchoro unavyomtegemea mwenzake. Mhandisi anayechora bomba la maji la kufika sokoni Mukuyuni, kaunti ya Makueni nchini Kenya, hana haja ya kuchora upya mashamba yote linamopita. Huiita ramani ya msingi, iliyo katika faili ya mtu mwingine, ikaonekana chini ya mistari yake. Programu kama AutoCAD haiimezi ramani hiyo. Huandika tu jina la faili na folda ilimo, kisha huitafuta upya kila mchoro unapofunguliwa. Mpimaji akisahihisha kona ya shamba leo, michoro yote inayolitazama shamba hilo itaiona kona mpya ikifunguliwa kesho. Lakini folda ikihamishiwa kompyuta nyingine, michoro hubaki ikiita pasipo jibu, ndipo mtu anapoamua kuirekebisha yote kwa mkupuo. Hapa pana jambo dogo lenye uzito mkubwa. Njia iliyoandikwa ikishindikana, programu haiishii hapo: hutazama ndani ya folda ya mchoro wenyewe, kisha kwenye folda nyingine ilizoelekezwa. Ikikuta faili yenye jina lilelile, huichukua bila kuuliza, hata kama ni nakala ya miaka mitano iliyopita. Mashine hulijua jina, haimjui mwenye jina.

Na kinachoitwa kwa jina hilo si mistari mitupu. Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos hadi 1992, na mashamba mengi ya Ukambani yaliandikishwa kwa kufuata sheria ya 1968 ya kuamua haki za ardhi. Sheria hiyo iliagiza kamati ya wakazi wa eneo lenyewe isikilize madai, mipaka ionyeshwe ardhini, na daftari likishakamilika liwekwe wazi kwa siku 60 ili mwenye malalamiko ayatoe. Hivyo nyuma ya kila mstari kuna wazee waliosimama kwenye mkonge wa mpakani, kuna majirani waliobishana hadi wakaafikiana, na kuna muda uliotolewa kwa yeyote aliyeona amedhulumiwa. Ramani nyingi zilizotokana na kazi hiyo ni za kipimo cha 1:2,500, ambapo milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za udongo. Unene wa kalamu peke yake unatosha kufunika njia ya ng'ombe.

Sasa tutenganishe matendo mawili ambayo kwenye skrini hayana tofauti yoyote. La kwanza, ramani ni ileile ila imehama folda, na amri inaiambia michoro mia tano mahali ilipo sasa. Hakuna mwenye shamba aliyepoteza kitu. La pili, amri inaielekeza michoro kwenye ramani nyingine: iliyoskaniwa upya, iliyosafishwa, au iliyohamishiwa mfumo mwingine wa vipimo. Hapo ushahidi wenyewe umebadilika. Ramani nyingi za zamani nchini Kenya zimefungamana na mfumo wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya satelaiti hutumia WGS 84. Ukizichanganya bila kukokotoa tofauti, shamba huruka mita 300 hivi. Kosa kubwa namna hiyo huonekana kwa macho, kwa hiyo halinitishi sana. La kutisha ni la mita mbili, ambalo kwenye ramani ya 1:2,500 halifiki hata milimita moja, likapita kila ukaguzi na kutulia. Mita mbili kwa urefu wote wa mpaka ni safu nzima ya miembe.

Dini zetu zililitazama jambo hili kabla ya kompyuta kuwako. Wamisionari wa Africa Inland Mission walianza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, na Biblia inayosomwa huko tangu wakati huo ina laana katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 27, juu ya anayeondoa mpaka wa jirani yake. Tuitazame laana hiyo mahali ilipowekwa. Inayofuata mara moja ni ya anayempoteza kipofu njiani. Sioni kuwa ujirani huo ni wa bahati tu, kwani dhambi zote mbili humpata mtu mahali asipoweza kuona anachotendewa, na hakuna jirani wa kushuhudia. Mwenye shamba hayaoni yaliyomo ndani ya faili, na mbele ya mashine yuko katika hali ya yule kipofu. Uislamu nao una hadithi inayoonya vikali juu ya anayetwaa ardhi kwa dhuluma, hata shubiri moja. Tena wanazuoni wa hadithi walituachia nidhamu ya kuuliza kila habari imetoka kwa nani, naye aliipokea kwa nani. Mnyororo ukikatika, habari hudhoofika hata kama maneno yake yanapendeza. Mchoro unaotegemea mchoro mwingine unastahili swali hilohilo.

Kuna atakayesema kuwa mkono wa binadamu hukosea zaidi: mchoraji aliyefungua faili ya mia tatu jioni amechoka, na mashine haichoki. Ni kweli, na kwa tendo la kwanza hoja hiyo inanishinda kabisa. Kuhamisha anwani moja moja kwa mkono ni kukaribisha makosa bila faida. Lakini kutochoka si kujua. Katika tendo la pili mashine hulirudia kosa la aliyeiamuru kwa uaminifu uleule, mara mia tano. Mwingine atasema tuache kutegemeana: ramani ya msingi imezwe ndani ya kila mchoro, kila mmoja ujitosheleze. Hilo huondoa hatari ya jina kuitikiwa na asiyehusika, na mradi ukiisha ni jambo la busara kuweka nakala ya namna hiyo kama kumbukumbu. Ila mchoro uliomeza nakala hausikii tena marekebisho. Kona ikisahihishwa kwa haki, wenyewe utaendelea kusema uongo wa jana kwa ujasiri. Naona ni uaminifu zaidi kukiri unayemtegemea na kubaki tayari kusahihishwa.

Pingamizi zito zaidi ni la kisheria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 yenyewe inasema kuwa ramani ya usajili huonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuthibitishwa rasmi, na mgogoro wa mpaka huanzia kwa msajili kabla ya mahakama kuusikiliza. Kama ukweli uko shambani, kwa nini tuhangaike na faili? Kwa sababu mashahidi hufa na mkonge hung'olewa. Mnunuzi aliye Mombasa hulipa kwa kuangalia karatasi, na benki hukopesha kwa karatasi. Makadirio hayampi mtu ruhusa ya kuyasogeza.

Ardhisasa, mfumo wa serikali wa huduma za ardhi mtandaoni, ilipozinduliwa Nairobi mwezi Aprili 2021, nchi ilishika njia ambayo haiwezekani bila kazi za mkupuo, wala sitaki tuiache. Ninachotaka ni masharti. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo kila amri iache orodha ya michoro iliyoguswa, ramani ya awali na ya sasa. Faili itambuliwe kwa tarehe yake na kwa alama za upimaji zilizomo, jina pekee lisitoshe. Na ushahidi ukibadilika, wenye mashamba waonyeshwe na wapewe muda wa kupinga, kama walivyopewa siku 60 katika sheria ya 1968. Aliyeandika amri aweke jina lake. Mama mwenye shamba Mukuyuni akiuliza kwa nini mpaka wake uko hapa, ajibiwe kuhusu shamba lake, na mtu anayejua. Ofisi isiyoweza kumjibu haikuwa na haki ya kutoa amri ile.