Rafiki wa Kucheza Naye, na Mchezo Ulio Bora

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu twalidharau, ilhali limo majumbani mwetu usiku na mchana. Nalo ni michezo ya video, ile ambayo vijana huiita gemu.

Sababu ya kuandika ni hii. Alitujia mzee mmoja baada ya swala ya Isha, akatueleza habari za mwanawe. Kijana huyo alikuwa na rafiki, mtoto wa jirani. Wamesoma chuo kimoja, na wamekula sahani moja tangu utotoni. Wakawa huenda pamoja penye banda la kuchezea mpira wa kwenye televisheni. Kwanza walicheza kwa kujifurahisha. Kisha ikawa ashindwaye ndiye alipaye malipo ya banda. Kisha wakaanza kuwekeana fedha. Usiku mmoja, mmoja wao akapoteza fedha alizopewa na mamake za kununulia unga. Pakazuka matusi, kisha ngumi. Sasa ni mwezi wa tatu, na vijana wale wapitana mlangoni pa msikiti pasi na salamu. Mzee akatuuliza: "Je, niivunje ile mashine iliyoko nyumbani?"

Twalimjibu: Usiivunje kwanza, mzee wetu. Tabibu mwema huuliza maradhi yako wapi kabla ya kushika kisu.

Katika jambo hili watu wetu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lasema kila mchezo ni upuzi, na kila upuzi ni haramu, basi vyote vitupwe baharini. Kundi la pili lasema mtoto akicheza huwa ametulia, basi na aachwe acheze apendavyo, maadamu hapigi kelele. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosea.

Ama kundi la kwanza, twawakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na siku ya Idi aliwaacha Mahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akiwatazama. Na sahaba Handhala (r.a.) alipoingiwa na khofu kuwa amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa nyumbani na wanawe moyo wake hauwi kama uwavyo mbele ya Mtume, Mtume alimtuliza kwa kumfahamisha kuwa moyo una saa zake mbalimbali. Dini yetu haikuja kuua furaha. Na wazee wetu wa pwani hii, waliokuwa watu wa swala na darasa, walicheza bao barazani, wala hatukusikia kuwa waliitwa makafiri.

Ama kundi la pili, twawauliza: Je, mwamjua anayecheza na mwanenu? Mwajua acheza nini, na kwa malipo gani? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mtu hufuata mwendo wa rafikiye, basi kila mmoja na aangalie ni nani amfanyaye rafiki. Na sisi twaongeza: aangalie pia ni jambo gani lenye kuwakutanisha.

Na hapa ndipo penye maradhi ya vijana wale wawili. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Al-Maida kuwa shetani hutumia ulevi na kamari kutia uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia na kumkumbuka Mungu na kuswali. Tazameni basi yaliyotokea bandani: uadui umepatikana, chuki imepatikana, na swala ya Isha ilikuwa ikiwapita wote wawili. Lililowagombanisha si kioo wala mashine. Ni fedha zilizowekwa katikati.

Wala msidhani kuwa kamari iko mabandani tu. Iko na iliyojificha ndani ya baadhi ya michezo yenyewe: mchezaji hutoa fedha akanunua sanduku asilojua ndani mna nini, akitaraji kupata mchezaji wa mpira aliye hodari au silaha ya thamani, na mara nyingi akapata kisichomfaa. Mwaka 2018 wakuu wa kusimamia kamari nchini Ubelgiji, nchi isiyo ya Kiislamu, waliamua kuwa masanduku ya namna hiyo yauzwayo kwa fedha ni kamari kwa sheria yao. Je, si aibu kwamba wao wameliona, na sisi tulioharimishiwa kamari tangu kale twawapa watoto wetu simu na fedha ndani yake?

Lakini haitoshi kusema "usifanye hili" tukanyamaza. Mwenye kufunga mlango mmoja yampasa afungue mwingine. Basi tumewauliza vijana wetu wa darasa wenye kuijua michezo hii, na tumekaa nao tukaitazama. Tumepata kujua kuwa iko aina ya michezo ambayo wawili hawashindani. Wote wawili huwa upande mmoja. Wakifaulu hufaulu pamoja, na wakianguka huanguka pamoja. Mfano wake ni wavuvi wavutao juya: hapana katika wao anayeweza kusema, "Mimi nimepata samaki, wewe umekosa." Mtume (s.a.w.) amewafananisha waumini na jengo, ambalo sehemu zake hushikana na kutiana nguvu. Basi kijana akitaka kucheza na rafikiye, na acheze mchezo wenye mfano huo.

Twataja minne tuliyoiona.

(1) Wa kwanza ni Unravel Two, uliotoka mwaka 2018, kazi ya watu wa Sweden. Ndani yake mna viumbe wawili wadogo wa nyuzi, wamefungwa pamoja kwa uzi mmoja. Mmoja akitaka kuvuka shimo, mwenziwe hushika uzi akamsubiri; akianguka, humvuta. Na pakiwa na mahali pagumu, aliye dhaifu aweza kujiunga na aliye hodari akavushwa. Mchezo huu wamfaa baba acheze na mtoto mdogo, au kaka na nduguye.

(2) Wa pili ni Overcooked, wa mwaka 2016, uliotengenezwa Uingereza. Ni mchezo wa jikoni. Mmoja hukata, mmoja hupika, mmoja huosha sahani, na wakati waenda mbio. Jiko lenyewe huyumba na kugawanyika, na chungu kikisahauliwa chawaka moto. Aliyejaribu kufanya kila kitu peke yake hukwama, na aliyekaa kumlaumu mwenziwe hukuta wakati umekwisha. Tuliwaona vijana wawili wakigombana katika mchezo huu, kisha wakacheka, kisha wakaanza kupeana zamu vizuri. Laiti kamati zetu za misikiti zingejifunza hivyo!

(3) Wa tatu ni Keep Talking and Nobody Explodes, wa mwaka 2015, kazi ya watu wa Kanada. Mmoja aona kwenye kioo bomu lenye nyaya na vifungo. Mwenziwe halioni, bali ana kitabu cha maelezo, ambacho chaweza kupigwa chapa kwenye karatasi. Aonaye hana elimu, na mwenye elimu haoni. Mmoja aeleza, mwengine asoma, na kwa maneno tu walizima kabla wakati haujaisha. Kazi yao ni kuokoa, si kuangamiza. Faida yake ni kujifunza kusema kwa uwazi na kusikiliza kwa makini, nayo ni adabu iliyopungua sana katika mabaraza yetu. Tena mashine moja yatosha.

(4) Wa nne ni It Takes Two, wa mwaka 2021, nao haukubali kabisa kuchezwa na mtu mmoja. Aliyeuongoza, Josef Fares, alizaliwa Lebanon akahamia Sweden angali mtoto. Kisa chake ni cha mume na mke waliokusudia kuachana. Machozi ya binti yao yawageuza kuwa wanasesere, na hawana njia ila kushirikiana: mmoja apewa misumari, mwengine apewa nyundo, na hapana apitaye pasi na mwenziwe. Kuna mahali wazazi wale, kwa kutaka kumliza mtoto ili wajiokoe, wamharibu tembo wake wa kuchezea ampendaye. Huchukiza kutazama, lakini ni wazazi wangapi wagombanao ambao kwanza huvunja kile akipendacho mtoto wao? Habari ya uchawi iliyomo ni ya hadithi tu, na mtoto aambiwe hivyo. Tena mmoja akiununua, rafikiye aweza kuruhusiwa kuingia kwa njia ya intaneti bila ya kununua wake.

Huenda mtu akatuuliza juu ya Stardew Valley, mchezo wa shamba ambao marafiki hulima na kufuga pamoja. Twasema: ukulima wake ni mzuri, lakini ndani yake mna kilabu cha pombe, utengenezaji wa mvinyo, na nyumba ya kamari. Mtu mzima aweza kuviepuka. Mtoto asiachwe nao peke yake.

Na michezo hii yote ina masharti. Kwanza, adhana ikisikika, pedi ziwekwe chini. Mchezo waweza kusimamishwa, wala wakati wa swala hausimami. Pili, pasiwekwe fedha, hata senti moja. Tatu, ulimi uhifadhiwe, kwani kosa la mchezoni si ruhusa ya kumtukania mtu mamake. Nne, mzazi amjue aliye upande wa pili, khasa mtoto achezapo kwa intaneti na watu asiowaona. Tano, pawe na kiasi. Usiku umeumbiwa mapumziko, na mwanafunzi ana darasa asubuhi.

Sasa twarudi kwa mzee wetu. Tulimwambia mambo matatu. La kwanza, fedha zilizokwenda kwa kamari si halali kwa aliyezipata. Zirudishwe kwa mama yule, na wote wawili watubie. La pili, Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, nao wamehamana miezi, na mbora wao ni atakayeanza kwa salamu. La tatu, awaite wote wawili nyumbani kwake, awape chai, awawashie mashine ile ile aliyotaka kuivunja, na awatie katika mchezo usiochezeka ila kwa kushikana. Na yeye mwenyewe akae nao, asiende zake barazani.

Alitusikiliza, kisha akasema kwa unyonge: "Miaka yote hii sijapata kukaa na mwanangu nikatazama achezacho." Neno hilo lilituchoma, kwani wengi wetu ni kama yeye.

Juzi ametuletea habari. Fedha zimerudishwa. Vijana walikuja, wakakaa mbali mbali mkekani, wakacheza kimya. Mpaka mmoja alipokaribia kuanguka, mwenziwe akapiga kelele, "Shika, nakuvuta!" Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu ugomvi wao. Hatusemi kuwa urafiki umerudi kama ulivyokuwa. Nyoyo zi mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini siku ya pili walisalimiana mlangoni pa msikiti, na mzee alikuwapo akasikia.

Basi, ndugu zetu, leo usiku kabla ya kulala, kila mzazi na amuulize mwanawe: "Wacheza nini, na wacheza na nani?" Kisha akae, amsikilize.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aunganishe nyoyo zetu, awahifadhi vijana wetu na kamari na uadui, na atujaalie kusaidiana katika wema na uchaji. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.