Nani ana haki ya kuweka dau?

Katika Mahabharata, ule utenzi mrefu wa Wahindi, kuna mahali mfalme Yudhishthira anakaa kucheza kete na watu waliojipanga kumla. Anapoteza mali, anapoteza ufalme, anapoteza ndugu zake mmoja mmoja, kisha anajiweka dau yeye mwenyewe na kujipoteza. Bado haamki. Anamweka dau Draupadi, mke wao. Mjumbe anapotumwa kwenda kumchukua, Draupadi anamrudisha na swali: alijipoteza yeye kwanza, au alinipoteza mimi kwanza? Maana kama alishajipoteza, alikuwa mtumwa tayari, na mtumwa anamiliki nini cha kuweka mezani? Baraza lilikuwa limejaa wazee wenye elimu na sheria zote kichwani. Walishindwa kumpa jibu la kueleweka.

Nalikumbuka swali hilo kila ninapowasikia watu wakijadili kamari hapa Dar es Salaam, kwa sababu mjadala wetu huishia palepale unapoanzia: mtu mzima, pesa yake, hiari yake, wewe inakuuma nini? Tunabishana sana kuhusu hiari. Hilo neno "yake" tunalipita kama vile limeshathibitishwa.

Kijiweni kwetu kuna dereva wa bodaboda ambaye pikipiki anayoendesha si yake. Kila jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa bosi, shilingi elfu kumi, mvua inyeshe isinyeshe. Siku ikiwa mbaya na mkononi ana elfu sita, anaingia kwenye simu. Elfu sita haimsaidii kitu, kwa bosi atafokewa tu. Ikigeuka kumi na mbili, amepona. Nilipomuuliza anaonaje hilo, alinijibu bila hasira: "Dada, wewe una mshahara. Mimi hata nikitunza buku mbili kila siku, mtoto akiumwa zimeondoka. Nitapata wapi pesa ya mkupuo?"

Ukisema huyu ni mjinga, nadhani hujamsikiliza. Mchumi Sylvan Herskowitz, aliyefanya utafiti Kampala miongoni mwa wanaume wanaobeti mpira na kuuchapisha mwaka 2021, alikuta jambo linalofanana na maneno haya: hitaji la pesa nyingi kwa mara moja linawasukuma watu kwenye kubeti, na waliopewa kisanduku cha kuwekea akiba walipunguza hamu ya kubeti. Kisanduku tu! Si mahubiri, si tangazo la "cheza kwa kiasi". Kwa hiyo kwa baadhi ya watu kamari inafanya kazi ya benki, benki mbovu inayokula amana, lakini ndiyo iliyo karibu.

Hata hivyo jibu la dereva halimalizi swali la Draupadi. Ile elfu sita ilikuwa ya nani? Nusu yake tayari ni ya bosi. Iliyobaki ina jina la mafuta, la kodi ya chumba, la mama watoto aliyeko Mbagala anasubiri muamala. Maskini ana pesa chache ambazo kweli ni zake peke yake. Tajiri akipoteza milioni kasino, huenda hakuna anayelala njaa. Lakini tunatumia neno moja kwa wote wawili, "hiari", na sheria nayo inalitumia hivyohivyo.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyoanzisha Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ilitungwa wakati simu zetu nyingi zilikuwa za kupigia na kutuma ujumbe tu. Imerekebishwa mara kwa mara, na leo Bodi inatoa leseni hata za kasino za mtandaoni, lakini bado ina harufu ya jengo: mlango, mlinzi, meza, mtu anayeweza kutazamwa usoni na kuambiwa wewe bado hujafikisha miaka 18. Halafu kuna jambo ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Bodi ipo chini ya Wizara ya Fedha, na tangu 2017 kodi za michezo hii zinakusanywa na TRA. Yaani anayepaswa kusema "basi, inatosha" yuko nyumba moja na anayehesabu mapato. Sisemi kuna mtu mbaya pale. Nasema hata mtu mwema, akikaa kwenye kiti hicho, kila mwaka atapimwa kwa makusanyo, na machozi hayana safu kwenye bajeti.

Sisi waandishi wa habari nasi hatuko nje ya nyumba hiyo. Redio nyingi zinasoma odi asubuhi kama zinavyosoma hali ya hewa. Simba na Yanga zimebeba majina ya kampuni za kubeti kifuani kwa miaka. Mkataba ambao Simba walitangaza na M-Bet mwaka 2022 ulikuwa wa shilingi bilioni 26.1 kwa miaka mitano. Mpira wetu, ambao ndio kitu cha mwisho tunachokipenda wote bila kuulizana dini wala kabila, unalishwa na mikeka iliyochanika.

Hapa lazima nitenganishe vitu, maana tunavichanganya. Mkeka wa mpira una muda wake. Unachagua mechi, unabishana na wenzako, unasubiri dakika tisini, na ukichanika kuna hata wa kukucheka. Kasino ya kwenye simu ni mnyama mwingine kabisa. Chukua Aviator, mchezo wa kampuni ya Spribe: kindege kinapaa, namba inapanda, unatakiwa kutoa pesa yako kabla hakijatoweka. Watengenezaji wanasema asilimia 97 ya pesa zinazowekwa hurudi kwa wachezaji. Inasikika kama ukarimu. Sasa piga hesabu. Mtu ana elfu kumi na anaweka elfu moja kila raundi. Kwa wastani kila raundi inamla shilingi thelathini, si kitu, pipi. Raundi mia tatu zinamla elfu tisa. Na kwa kuwa raundi moja mara nyingi haifiki nusu dakika, raundi mia tatu ni kazi ya saa mbili na nusu hivi, mtu amelala kitandani, taa imezimwa. Asilimia haikubadilika hata kidogo. Mwendo wa mchezo ndio uliomla.

Dostoevsky aliyajua haya kwa mwili wake. Riwaya yake ya mcheza kamari aliisimulia kwa siku ishirini na sita mwaka 1866, mwandishi wa hati mkato Anna Snitkina akiandika, kwa sababu ya mkataba wa kinyonyaji uliotishia kumnyang'anya haki za vitabu vyake. Mwaka uliofuata alimuoa Anna, na miaka kadhaa iliyofuata Anna aliona vitu vya nyumba vikienda rehani kwa ajili ya meza za Ujerumani. Lakini yeye angalau ilibidi avae koti na apande treni. Katika ile safari ya kwenda kwenye meza kulikuwa na nafasi ya kughairi.

Nikiwa na haki ya kupendekeza, sitapendekeza marufuku. Neno lenyewe kamari limetujia kutoka Kiarabu, pamoja na onyo lake, na bado watu wa pwani wamecheza. Kurani, katika Al-Baqara aya ya 219, inakiri kwamba kamari ina manufaa kwa watu, kisha inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Huhitaji kuwa Mwislamu kuona uaminifu wa hesabu hiyo: pande zote mbili zimewekwa kwenye mizani. Sisi kwenye hotuba za bajeti tunaweka upande mmoja.

Ningeanza na mwendo. Raundi zipunguzwe kasi, na mtu akishapoteza kiasi fulani kwa siku, mchezo ufungwe hadi kesho yake. Utasema watahamia tovuti za nje zisizo na leseni. Wengine watahamia, ndiyo. Lakini pesa ya Mtanzania wa kawaida inapita kwenye simu, kwa muamala wenye jina na saa, na mlango huo tunao wenyewe. Kisha ningehamisha Bodi kutoka Wizara ya Fedha, hata ikienda Afya.

Na la mwisho ni mikopo ya simu. Salio likiisha, simu ileile inakukopesha pesa papo hapo, na dakika hiyohiyo inaweza kuingia kwenye kindege. Hapo mtu anaweka dau mshahara wa mwezi ambao haujafika, jasho ambalo hajalitoka. Hiyo tuifunge kwanza, kabla ya yote.