Mkono wa Suárez na Uzito wa Bao

Tarehe 2 Julai 2010, katika uwanja wa Soccer City jijini Johannesburg, Ghana na Uruguay zilikuwa zimefungana 1-1 katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Muda wa nyongeza ulikuwa unamalizika. Ghana ikapata mpira wa adhabu, kukawa na piga nikupige langoni, Dominic Adiyiah akaupiga mpira kwa kichwa nao ukawa unaingia wavuni. Aliyeuzuia hakuwa kipa. Alikuwa Luis Suárez, mshambuliaji, aliyesimama juu ya mstari wa goli na kuusukuma nje kwa mikono. Refa alitoa kadi nyekundu na penalti kama sheria inavyotaka. Asamoah Gyan akapiga, mpira ukagonga mwamba wa juu. Baadaye Uruguay ikashinda kwa mikwaju ya penalti 4-2. Hadi siku hiyo hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika nusu fainali; Kameruni mwaka 1990 na Senegal mwaka 2002 nazo ziliishia robo fainali. Ilitubidi kungoja Morocco, mwaka 2022.

Wenzangu wengi tunaosoma pamoja walikuwa watoto wadogo siku hiyo, lakini ukitaja jina la Suárez bwenini usiku huo hamlali. Wengi wao husema Sheria ya 12 ya soka irekebishwe: mchezaji asiye kipa akizuia kwa mkono mpira unaoingia golini, bao lihesabiwe kama limefungwa. Mimi siafiki. Hata hivyo hoja yao si nyepesi, na nitaanza na upande wao, kwa sababu ndio ulionisumbua zaidi.

Suárez mwenyewe alipoulizwa mwaka 2022 kama angeomba radhi, alikataa. Alisema kwamba aliushika mpira na akapewa kadi nyekundu, na aliyekosa penalti hakuwa yeye. Maneno hayo yana falsafa ndani yake, iwe aliikusudia au la. Maana yake ni kwamba adhabu ni bei. Kitendo kina bei yake, mimi nimelipa, hatudaiani.

Sikubaliani na falsafa hiyo. Mwanafunzi akichelewesha kitabu cha maktaba kwa wiki mbili kisha akalipa faini, hatusemi kwamba amekikodi. Mwenzake aliyekihitaji usiku wa kuamkia mtihani hakulipwa chochote. Faini inasema "usifanye", na bei inasema "ukiweza, chukua". Anayezigeuza faini kuwa bei anaitumia sheria kinyume na lugha yake. Dereva wa teksi anayeweka hela za faini pembeni kila asubuhi kabla hajatoka kituoni anailipa sheria, lakini haitii.

Mtu anaweza kunijibu kwamba mpira wote umejaa faulo za namna hiyo. Beki anamvuta jezi mshambuliaji katikati ya uwanja ili kuvunja shambulizi, anapewa kadi ya njano, na kocha wake anampigia makofi. Ni kweli, na sipendi unafiki wa kumlaani mmoja na kumsifu mwingine. Lakini naona tofauti. Faulo ya katikati ya uwanja inaondoa uwezekano wa bao. Mkono ulio juu ya mstari unaondoa bao lenyewe, kile kitu ambacho watu ishirini na wawili wamekuja kukitafuta.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloipa hoja ya wenzangu nguvu zaidi, nalo ni saa. Kama Suárez angefanya vile dakika ya 10, Uruguay ingecheza dakika 80 na zaidi ikiwa na watu kumi. Hapo kadi nyekundu ina uzito. Katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, kadi hiyo hiyo haina uzito wowote kwa mechi ile. Inabaki penalti peke yake, na penalti huingia takribani tatu katika kila nne. Kwa hiyo timu iliyokuwa imeshashindwa ilipata nafasi moja kati ya nne ya kuendelea kuishi. Adhabu ni ile ile kwenye karatasi, lakini uwanjani inapungua kadiri dakika zinavyokwenda. Suárez alikosa nusu fainali, ambayo Uruguay ilifungwa na Uholanzi 3-2, lakini hilo halikuirudishia Ghana kitu.

Michezo mingine imelitatua jambo hili. Hapa Uganda mashabiki wa raga wanajua kwamba timu ikizuia kwa makosa trai ambayo pengine ingefungwa, refa huitoa trai hiyo kwa kusimama chini ya milingoti, na siku hizi inahesabiwa alama saba bila hata mkwaju wa kuongezea. Katika mpira wa kikapu, mlinzi akiugusa mpira uliorushwa ukiwa tayari unashuka kuelekea kwenye kikapu, alama zinahesabiwa. Kwa nini soka isifanye hivyo?

Wanaojibu kwamba sheria za soka ni za zamani na zisiguswe hawajui historia yake. Penalti yenyewe ililetwa na mkono kama wa Suárez. Mwanzoni mwa mwaka 1891, katika mechi ya Kombe la FA kati ya Notts County na Stoke, beki wa Notts County aliuzuia mpira kwa mkono kwenye mstari wa goli. Adhabu ya wakati huo ilikuwa mpira wa kawaida wa adhabu papo hapo, na kipa akasimama mbele ya mpira. Stoke ikatolewa 1-0. Mwaka huo huo penalti ikaingizwa katika sheria, kufuatia pendekezo la William McCrum, kipa kutoka Ireland. Walikuwapo waliopinga wakisema kwamba muungwana hawezi kufanya kosa la makusudi, na kwamba kuweka adhabu ya namna hiyo ni kumtukana. Walikosea. Mtu anayeniambia leo kwamba jambo hili tuliachie uungwana wa wachezaji anarudia kosa lao.

Basi kama sheria inaweza kubadilishwa, na kama uungwana hautoshi, kwa nini nakataa? Kwa sababu ya bao.

Jiulize kwa nini mchezo huu umeenea kuliko yote. Watu husema ni kwa sababu ya urahisi wa vifaa, na ni kweli kwamba matambara na kamba vinatosha kutengeneza mpira. Lakini riadha haihitaji hata mpira, na bado kibanda hakijai kwa sababu ya mbio za mita 10,000, ijapokuwa Waganda wanazishinda. Ingia katika kibanda chochote cha Kampala siku ya mechi kubwa. Utakuta anayesema Kiganda, anayesema Kilingala, anayesema Kinyarwanda na sisi wenye Kiswahili chetu cha kutafuta. Mtangazaji hasikiki kwa sababu ya jenereta. Hakuna anayemwuliza mwenzake kilichotokea mpira unapoingia wavuni. Kila mtu ameona. Kuotea kunahitaji maelezo, faulo inahitaji mabishano, lakini bao ni mpira uliovuka mstari. Tangu mtoto anapocheza kati ya mawe mawili hadi fainali ya Kombe la Dunia, bao halikupewi na mtu. Unalifunga au hulifungi.

Tena mabao ni machache. Katika mpira wa kikapu alama mbili ni sehemu ndogo ya alama themanini. Katika raga alama saba ni nyingi, lakini mechi ina muda wa kuzirudisha. Katika soka bao moja mara nyingi ndiyo mechi nzima. Kumpa refa uwezo wa kusema "hili lingeingia" ni kumpa mechi mkononi. Kisa cha Suárez kiko wazi, sikatai. Lakini sheria haiandikwi kwa ajili ya kisa kimoja. Itabidi itumike pia pale ambapo mpira ungegonga mlingoti, ambapo kulikuwa na beki mwingine nyuma, ambapo kipa alikuwa anarudi. Nayo itatumika kwenye viwanja vya shule zetu, ambako refa ni mmoja, hana video, na mashabiki wamesimama hatua mbili kutoka mstarini. Mimi nisingependa kuwa refa huyo jioni ile.

Penalti nayo hutolewa na refa, mtu atasema. Naam, lakini penalti inaacha kazi ya mwisho miguuni. Refa wa Johannesburg alifanya yote aliyopaswa kufanya na bado hakuiamua mechi. VAR pia, pamoja na lawama zote tunazoitupia, inaweza kulifuta bao au kulirudisha lililokataliwa kwa makosa. Haijawahi kuhesabu mpira ambao haukuvuka mstari.

Nakiri kwamba msimamo wangu una gharama, na aliyeilipa gharama hiyo ni Ghana. Siwezi kumwambia Mghana kwamba alitendewa haki. Ninachosema ni kwamba kosa la Suárez linaweza kuitwa kosa hata baada ya kuadhibiwa, na kwamba hatuhitaji kufuta maana ya bao ili tuweze kulisema.

Kama kuna kitu ambacho ningekibadilisha mimi, ningeanzia kwingine. Sheria za soka huamuliwa na bodi inayoitwa IFAB, iliyoundwa mwaka 1886. Ina kura nane. Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina kura moja moja, FIFA ina nne, na badiliko lolote linahitaji kura sita. Wales ina kura yake. Ghana, pamoja na Uganda na vyama vingine zaidi ya mia mbili, iko ndani ya zile nne. Wanaodai sheria ibadilishwe na wanaopinga, kama mimi, tunabishana juu ya jambo ambalo Afrika nzima haiwezi kulipigia kura yake yenyewe hata moja.

Tarehe 2 Desemba 2022, huko Qatar, timu hizo zilikutana tena katika mechi ya mwisho ya kundi. Ghana ilipata penalti mapema ikaikosa, na Uruguay ikashinda 2-0. Wakati huo huo Korea Kusini iliifunga Ureno bao la pili katika dakika za majeruhi. Uruguay na Korea zikawa sawa kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, na Uruguay ikatolewa kwa sababu ilikuwa imefunga mabao machache zaidi. Suárez alikuwa ameketi kwenye benchi, analia. Jukwaani mashabiki wa Ghana, ambao timu yao ilikuwa imefungwa na kutolewa, walikuwa wanashangilia.