Shimo Lisilofunikwa

Kutoka 21:33–34



Sisi tukaao juu huku Newala tunajua maana ya shimo. Maji ya mito yako mabondeni, na kushuka na kupanda na ndoo si mchezo. Ndiyo maana watu wamechimba visima vya kuvunia mvua karibu na nyumba zao. (Ndugu zetu wa Masasi mtatuvumilia, ninyi mko chini.) Kila mwenye kisima anajua kwamba kazi haijaisha mpaka kifuniko kipatikane. Mtoto wa jirani akitumbukia, hakuna atakayeuliza kwa nini alipita pale.

Torati yasema vivyo hivyo. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenzake akaanguka humo, mwenye shimo atalipa. Angalieni, haisemwi kwamba alimchukia jirani yake. Hakufunika tu.

Siku hizi fedha za korosho zikilipwa, wengine wetu hununua kamera za kulinda duka, televisheni za intaneti, na vile visanduku vya kugawa intaneti nyumbani. Ni vitu vyema, hatuvilaani. Lakini kila kimoja ni kompyuta ndogo yenye mlango, na mara nyingi kiwanda huweka ufunguo mmoja kwa maelfu ya vifaa: jina "admin", neno la siri "12345". Naye mwenye duka husema, "Mimi mtu mdogo, nani atahangaika na kamera yangu?"

Mwaka 2016 ilitokea programu ovu iitwayo Mirai. Haikuchagua tajiri wala maskini. Ilizunguka duniani ikibisha hodi kwenye kamera na visanduku vya intaneti, ikijaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani, zaidi ya jozi 60. Palipofunguka iliingia ikatulia. Kamera iliendelea kuonyesha picha kama kawaida, mwenyewe asijue neno. Kisha amri ilipotolewa, vifaa vyote vilimiminia ujumbe mahali pamoja, mpaka njia ikaziba. Mwaka uleule kampuni ya simu ya Lonestar, huko Liberia, ilishambuliwa namna hiyo, na wateja wake wakakosa intaneti. Mwingereza aliyefanya kazi hiyo kwa malipo alihukumiwa London, Januari 2019, kifungo cha miezi 32.

Huyo alistahili. Je, wale wenye kamera? Hakuna mahakama iliyowaita. Walilala usingizi wao, na vitu walivyonunua kwa jasho lao vikatumika kuwaumiza Waafrika wenzetu ambao hawajawahi kuwaona. Sisi twaona ng'ombe wa Kutoka yupo hapa, na shimo lipo.

Tena kuna hatari ya ndani ya nyumba. Februari 2017 serikali ya Ujerumani ilipiga marufuku mwanasesere aitwaye Cayla, kwa sababu mtu aliye karibu aliweza kujiunganisha naye bila neno la siri, akamsikiliza mtoto na kusema naye. Basi na sisi tufikiri kabla ya kutundika kamera kanisani. Mkristo anayepiga magoti kuungama amekuja kwa Mungu mbele ya padri, hakuja mbele ya mgeni asiyemjua. Kamera isielekezwe pale kamwe, hata kama mlango wake umefungwa vizuri.

Kazi ya kufunika ni ndogo. Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile, kabla kamera haijapanda ukutani. Fundi akimaliza, badilisheni tena, maana naye anaondoka na ufunguo kichwani. Kifaa cha mkononi kirudishwe kwanza katika hali ya kiwandani. Na kile ambacho watengenezaji wake wameacha kukitolea marekebisho, kiondolewe kwenye intaneti.

Wazee wasioweza kusoma maandishi madogo ya vifaa hivi wasione haya. Vijana wa parishi, baada ya Misa ya Jumapili msikimbilie mpira. Piteni kwanza kwa bibi mmoja au wawili mkawabadilishie, na lile neno jipya mwandikieni mwenyewe kwenye karatasi, msibaki nalo ninyi.